MTU MZIMA KWENDA KUCHEZA: SUALA LA DADA YANGU NA MTELEZO WA MAJI



Kila sifa njema ni ya Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu, jambo hili nimeulizwa mara tatu ndani ya wiki moja. Mara ya kwanza Newala mjini, baada ya swala ya Alasiri. Mara ya pili Masasi stendi, nikisubiri gari. Mara ya tatu kwenye simu, na mpwa wangu, naye hakuuliza, alishitaki. Kwa kuwa limeshatoka nje ya nyumba, na mwenyewe amenipa ruhusa ya kuliandika ilimradi nisimtaje jina, naliandika hapa mara moja ili nisiwe nalijibu kila kona kwa maneno tofauti.

Dada yangu mkubwa ana miaka 61. Ni mjane. Ana mikorosho yake, mingine urithi wa marehemu baba, mingine ameipanda kwa mikono yake. Mwaka huu, maua yalipoanza kushika, aliniita nyumbani kwake akaniambia kwamba pesa za korosho zikitoka anataka kwenda Dar es Salaam. Nikamuuliza, kuna mgonjwa? Akasema hapana. Kuna harusi? Hapana. "Nataka kwenda pale wanapoteleza kwenye maji. Na wewe ndiye utakayenipeleka, mdogo wangu, maana ni maharimu wangu."

Alipaona kwenye simu ya mjukuu wake. Kuna bomba kubwa la rangi, limezungushwa kama nyoka, mtu anakaa juu, maji yanamsukuma, anashuka anazunguka anatumbukia bwawani. Katika video ile alishuka mama mmoja mnene, mtu mzima kabisa, akaibuka anacheka. Dada akamwambia mjukuu airudishe. Wameirudisha mara nyingi mpaka bando likaisha.

Mtoto wake wa kiume, mpwa wangu, alipopata habari alinipigia usiku. Sisi Wamakonde mnatujua, mjomba ana kauli, na kijana alitaka niitumie hiyo kauli. Akasema: "Mjomba, mtu mzima na bembea wapi na wapi? Mwambie mama atulie. Watu watatucheka." Mzee mmoja wa msikitini, mtu ninayemheshimu sana, naye akaniambia kwa upole kwamba dada wa shekhe katika umri ule anatakiwa awe na tasbihi mkononi, hayo mengine ni lahwi tupu.

Nianze na huyu mzee, maana hoja yake ndiyo nzito.

Ni kweli katika dini yetu kuna mchezo unaolaumiwa: ule unaomsahaulisha mtu swala, ule wa kamari, ule unaovunja heshima ya mtu au kumla mali. Lakini kusema mchezo wote ni wa watoto, na mtu akishaota mvi haumhusu, hilo tunalitoa wapi? Chukua kisa cha Nabii Yusuf (alayhi salaam). Ndugu zake walipotaka kumchukua walimwomba baba yao amwachie aende akafurahi na kucheza. Walikuwa na hila, hilo tunalijua. Lakini angalia jibu la Nabii Ya'qub (alayhi salaam): hakusema mchezo haufai. Alisema anahofia mbwa mwitu. Na waliporudi jioni wakilia, udhuru wao ulikuwa kwamba walikwenda kushindana mbio. Wanaume wazima wale, wenye nguvu, kundi zima. Udhuru wao ulikuwa wa uongo, lakini uongo humea penye ardhi ya kuaminika: ingekuwa watu wazima hawashindani mbio zama zile, wasingeuleta mbele ya baba yao.

Kisha mje kwa Mtume wetu (swalla Allahu alayhi wasallam). Amepokea Abu Dawud, na wengine, kwamba alishindana mbio na Bi Aisha (radhiya Allahu anha) safarini. Mara ya kwanza Bi Aisha alimshinda. Baadaye, mwili wake ulipoongezeka, wakashindana tena, Mtume akamshinda, akamwambia kwa mzaha kwamba hii ni kwa ile. Alipoishi naye Madina, Mtume alikuwa ameshapita miaka hamsini. Kiongozi wa dola, mpokezi wa wahyi, anakimbia mbio na mkewe. Na katika baadhi ya mapokezi ya kisa hiki imo nukta ambayo ndiyo msingi wa mpango wetu wote wa safari: kabla ya mbio aliwaambia watu watangulie mbele. Furaha haikuzuiwa, ila iliandaliwa mahali pake, mbali na macho. Nukta hii ishikeni, tutairudia.

Na Wahabeshi waliocheza na mikuki yao msikitini siku ya Idi mnawajua; Sayyidna Umar (radhiya Allahu anhu) alitaka kuwakataza, Mtume akamwambia awaache. Na Bi Aisha aliwatazama akiwa nyuma ya Mtume mpaka mwenyewe akatosheka. Na Hanzala (radhiya Allahu anhu), aliyedhani amekuwa mnafiki kwa sababu akiwa nyumbani anacheza na familia moyo wake hauwi kama ulivyokuwa darsani, alifundishwa kwamba moyo una saa ya hivi na saa ya vile. Hiyo imo katika Sahihi Muslim. Sasa mzee wangu, tasbihi ya dada yangu ipo mkononi miaka yote. Saa moja ya kuteleza haimnyang'anyi.

Nadhani tatizo letu huku juu siyo dini. Ni likumbi na chiputu. Mtoto wa kiume anapotoka jandoni, na wa kike anapotoka unyagoni, huambiwa mambo ya kitoto yameishia kule porini. Ni mafundisho yenye faida, yamejenga watu. Lakini tumeyavuta mpaka yakawa kwamba mtu mzima akitaka kufurahi ni lazima apate kisingizio. Ndiyo maana siku ya Idi mama anamwazima mtoto wa jirani ili naye apate kwenda kwenye bembea. Unguja kile kiwanja cha Kariakoo watu wamezoea kukiita cha kufurahishia watoto, na ukienda siku za sikukuu utaona watu wazima wangapi wameshika mkono wa mtoto mmoja! Hata dada alishauriwa hivyo na shoga yake: mchukue mjukuu, useme unampeleka yeye. Dada akakataa. Akasema mjukuu ana shule, na yeye hataki kwenda kukaa kwenye benchi.

Neno hilo la benchi lilinikumbusha kitu. Yule Mmarekani Walt Disney, aliyefungua Disneyland kule California mwaka 1955, alisimulia mwenyewe kwamba wazo lilimjia akiwa ameketi kwenye benchi katika bustani moja ya Los Angeles, anatafuna karanga, anawatazama binti zake wakizunguka kwenye farasi wa bembea. Akajiuliza kwa nini hakuna mahali ambapo mzazi na mtoto wote watafurahi pamoja. Na msidhani haya ni ya Wazungu peke yao. Dubai, wanakokwenda wafanyabiashara wetu kufuata mizigo, kuna kiwanja cha maji cha Wild Wadi tangu 1999. Abu Dhabi wana gari la reli la mchezo linalofika kilomita 240 kwa saa, na waliojipanga foleni ni wanaume wazima wenye ndevu na kanzu zao zimekunjwa begani. Mimi hilo la kilomita 240 simpeleki mtu, nasema mapema.

Sasa nije kwa mpwa wangu, anayesema watu watacheka.

Mpwa wangu amezaliwa mabomba yapo, hata kama maji yanatoka kwa zamu. Mama yake hakukua hivyo. Wageni wakija Newala tunawapeleka Shimo la Mungu wakapige picha, wanaona bonde la Ruvuma lile chini, wanasema mashaallah. Ni kweli ni pazuri. Lakini uwanda wetu wa Makonde uko juu na mchanga wake haushiki maji. Mvua inanyesha, inazama, inakwenda kutokea mabondeni. Kwa hiyo mwanamke wa hapa alikuwa anateremka kuyafuata. Mradi wa maji wa Makonde una historia tangu enzi za Mwingereza, miaka ya 1950, lakini mashine ikiharibika au mafuta yakikosekana, njia ilikuwa ile ile ya miguu. Nakumbuka dada anaondoka kabla ya Alfajiri na wenzake, wanarudi jua limechomoza, ndoo kichwani, kanga imelowa mgongo mzima, na akifika haruhusiwi kuoga kwa yale maji. Yalikuwa ya kupikia na ya kunywa baba. Sisi wa kiume tulinawa uso kwa kikombe kimoja. Yeye aliyeyabeba alijifuta kwa kitambaa.

Kwa miaka 61 maji kwake ni kitu cha kupima. Hayamwagwi. Hayachezewi. Leo anasema kabla hajafa anataka kukaa juu, maji yamteremshe yeye chini, badala ya yeye kuyapandisha. Hakuyapanga hivyo kwa maneno, mimi ndiye nimeyapanga. Yeye alisema tu, "Nione maji mengi ambayo siyabebi." Mwenye kucheka na acheke.

Na kuhusu mali, mpwa wangu, hapa nakusemea mbele za watu kwa sababu na wewe ulinisemea mbele za watu. Mikorosho ile ni ya mama yako. Qur'ani katika Suratun Nisaa imeweka wazi kwamba wanaume wana fungu la walichochuma na wanawake wana fungu la walichochuma. Wewe una haki ya kumshauri, na akikosa chakula una wajibu wa kumlisha. Kumpangia gunia lake liende kwenye pikipiki yako siyo katika hizo mbili. (Ameniambia mama yake kuhusu pikipiki. Ulidhani sijui.)

Baada ya hayo ndipo tulipokaa, mimi, yeye na mke wangu, tukapanga. Nawaelezeni mpango wenyewe kwa sababu wapo wengi wanaotaka kwenda mahali, si lazima huko, na wanaishia ama kutokwenda kabisa ama kwenda kwa madeni.

Kwanza fedha. Katika magunia yake anayotarajia, ametenga mawili. Kabla ya hayo mawili kuna salfa ya msimu ujao, ikiwa ya ruzuku haitatosha; kuna deni la watu, ambalo ni dogo lakini ni deni; kuna sadaka yake ya kila mwaka kwa madrasa. Kuhusu zaka: kwa sisi Mashafi, zaka ya mazao ni katika chakula kikuu kinachohifadhika, kama mtama, mahindi na mpunga, na katika matunda ni tende na zabibu, korosho haimo. Lakini fedha yake ikifika nisabu na kukaa mwaka mzima wa Hijria, hapo inatoka asilimia mbili na nusu. Imamu Abu Hanifa yeye anaona kila kinachotoka ardhini kina zaka. Anayetaka kujitoa kwenye khilafu, atoe, na Allah atamlipa.

Pili, asiuze chochote kabla ya wakati. Hapa nasimama kidogo kwa sababu ndipo watu wanapoangamia. Mtu ana shida ya fedha mwezi wa saba, anakuja jamaa wa kangomba, anamwambia nipe korosho zako za msimu, hizi hapa taslimu, kwa bei ya kutupa. Korosho ziko bado kwenye maua! Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam) amekataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kuiva kwake, na hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim. Sababu yake ni hii hii tunayoiona: ukungu ukishambulia, nani kala mali ya mwenzake? Na sheria ya nchi nayo haimtaki kangomba. Kama safari ya starehe itapatikana kwa kangomba, bora ukae nyumbani uangalie video.

Tatu, tusikate tiketi mpaka fedha ziwe zimeingia benki. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mwaka 2007, mkulima anapeleka AMCOS, mzigo unakwenda ghala kuu, unapigwa mnada, kisha ndiyo malipo. Kati ya mnada na malipo kuna siku, na siku hizo huzijui. Msimu wa 2018 mtakumbuka, minada ilikwama, serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kubeba. Waliokuwa wamepanga harusi kwa tarehe walipata somo. Dada amesema "pesa zikitoka", hakusema tarehe, na hiyo ni akili ya mkulima.

Nne, wakati. Malipo yakitoka Novemba au Desemba tutasubiri kidogo msongamano wa mwisho wa mwaka upite. Lakini tusifike masika. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika pale Somanga, na abiria walikaa njiani siku kadhaa. Kwa hiyo Januari, in shaa Allah, katikati ya wiki na siyo Jumamosi wala Jumapili. Siku za katikati ya wiki watu ni wachache, muziki huwa mdogo, na macho ni machache. Hiyo ndiyo ile nukta ya "tangulieni mbele".

Tano, wapi. Viwanja tulivyovitazama ni viwili. Kimoja ni Kunduchi Wet 'n' Wild, kaskazini mwa jiji, kando ya bahari, na hicho ndicho alichokiona kwenye video. Kingine ni Fun City, Kigamboni, ambacho kwa sisi tunaotoka kusini ni karibu zaidi. Ukifika Kongowe, kabla ya kuingia Mbagala, unakunja kulia, huna haja ya kuvuka jiji zima. Mimi napendelea Kigamboni kwa ajili ya miguu yake. Yeye anapendelea Kunduchi kwa sababu ndiko yule mama mnene alikoshukia. Hatujaafikiana. Tumekubaliana kwamba atakayeamua ni siku ya wanawake: kiwanja kitakachotuambia kwenye simu kwamba kina siku au saa za wanawake peke yao, na wahudumu wanawake, ndicho tutakachokwenda. Tutapiga wiki moja kabla, na tutapiga tena siku moja kabla, maana ratiba na viingilio hubadilika na mtandaoni yanabaki maneno ya zamani. Siku ikiwa ya wanawake, mimi nitakaa nje getini na gazeti. Mke wangu ataingia naye.

Hapo mtu ataniuliza: na kama haipo siku ya wanawake? Basi itakuwa ni kuangalia bahari na kula samaki, na kuteleza kutasubiri. Hilo dada amelikubali, kwa shingo upande, lakini amelikubali. Mchanganyiko wa wanaume na wanawake waliolowa maji siwezi kuuhalalisha kwa sababu anayetaka ni dada yangu. Na wanaume msijisahau, sitara yenu ni kati ya kitovu na magoti; zile kaptula za kuogelea za juu ya goti mnazovaa Mikindani na Msimbati zinakuhusuni pia.

Mavazi. Wanawake wakiwa peke yao bado kuna mipaka, na kuna wahudumu wasio Waislamu, kwa hiyo avae nguo kamili ya kuogelea yenye kusitiri, mikono mirefu na suruali na kilemba chake. Siku hizi zinauzwa Kariakoo. Baibui au kanga asivae kwenye mtelezo: kitambaa kikishika kwenye maungio ya bomba, mtu ananyongwa au anaumia. Viwanja vingi havikubali nguo za pamba majini, kwa hiyo aulize mapema wanachokubali.

Afya. Nilimwambia ana presha, akasema anajua, anameza dawa. Nikamwambia twende kwa daktari aulizwe yeye, siyo mimi shekhe wala video. Tumekwenda hospitali Masasi. Daktari, kijana mpole, amecheka kidogo halafu akapima. Amesema mitelezo mifupi, asiende ile ya kudondoka wima, asipande ngazi nyingi kwa mfululizo, na bwawa liwe la kina cha kiuno kwa kuwa hajui kuogelea. Dada akamwuliza, "Na ile ya kuzunguka kama nyoka?" Daktari akasema ikiwa fupi, sawa. Nilimwona dada anafurahi kama aliyepewa mahari.

Swala. Kutoka Newala hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, kwa hiyo ni safari ya kupunguza na kukusanya bila ya shaka. Tutalala Masasi kwa ndugu, tuswali Alfajiri pale kabla ya basi. Adhuhuri tutaichelewesha na Alasiri; tutamwomba dereva mapema, kabla hajaondoka, asimame wakati wa Alasiri hata kama ni dakika kumi. Dereva akiombwa kwa adabu asubuhi huitikia. Akipigiwa kelele mchana barabarani, haitikii, na ana haki. Tutafika Jumapili usiku na kuondoka Alhamisi, kwa hiyo siku kamili ni tatu, na kwa madhehebu yetu anayenuia kukaa chini ya siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, anaendelea na ruhusa ya msafiri. Ukinuia siku nne kamili na zaidi unaswali timamu. Wengi wanakosea hapa, wanapunguza swala wiki mbili kwa mjomba wao Temeke!

Picha. Ameomba apigwe moja, amevaa hijabu yake, kavu, nje ya geti. Ndani hakuna simu. Mke wangu ameshapewa wasia huo, na nauandika hapa ili mpwa wangu naye asome: hakuna video ya mama yake itakayozunguka kwenye makundi ya Newala.

Linabaki swali alilouliza mwenyewe juzi, tukiwa tunafunga hesabu. Kasikia maji ya mabwawa yanatiwa dawa, yananuka. Je, wakati wa swala ukiingia anaweza kutawadha humo humo? Nikamwambia maji yakichanganyika na kitu tohara, kikabadilisha harufu kidogo na jina la maji likabaki, yanafaa. Hata ya bombani hutiwa dawa hiyo hiyo. Kisha maji yakifika qullatain hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu kwa hiyo najisi. Akauliza qullatain ni kiasi gani. Wanavyuoni wa sasa wamekadiria kwa tofauti, lakini wengi ni lita mia mbili na kidogo. Ndoo zetu hizi za lita 20, ni kumi na kidogo.

Alinyamaza, nikaona midomo inahesabu. Ndoo kumi ni kwenda bondeni mara kumi, kwa waliokuwa na nguvu ni siku tano. Halafu akaniuliza: "Basi lile bwawa lote ni ndoo ngapi?"

Nimemwambia tutawauliza wenyewe tukipiga simu. Amemwamuru mjukuu aliandike kwenye karatasi ya maswali, chini ya lile la siku ya wanawake.

Wallahu a'lam.